Minestrone ya nyumbani: jisupu la mboga kwa kilichopo jikoni

Shangazi yangu alipika kwa Wataliano hapa Malindi miaka mingi, na katika vyote alivyojifunza kwenye majiko yale, kilichoingia nyumbani kwetu kikabaki ni supu ya mboga. Siku ya mwisho kabla ya kwenda sokoni alikusanya vilivyosalia kapuni: karoti mbili zilizonywea, robo ya kabeji, kiazi kimoja, mashina ya spinachi, bakuli la maharagwe ya jana. Baada ya saa mbili watu tisa tulikuwa tumekula na kushiba. Hakupima wala hakuandika. Alichonifundisha ni zamu: kipi kinaingia kwanza, kipi kinasubiri, na kwa nini. Nimeipikia familia yangu supu hii zaidi ya miaka kumi sasa, na nina hakika na jambo hili: anayezijua zamu anaweza kubadilisha karibu kila mboga na chungu kikatoka kizuri. Asiyezijua atanunua kila kitu kilichotajwa na bado atapata maji yenye mboga zinazoelea.

Jina lenyewe linasaidia kuielewa. Kwa Kitaliano, minestra ni supu, neno lililotokana na kitenzi cha kupakua na kugawa chakula mezani. Ile -one ya mwisho hufanya kitu kiwe kikubwa, kama sisi tunavyogeuza mtu kuwa jitu. Kwa hiyo minestrone ni jisupu, supu nzito ya kushibisha inayoliwa kama mlo kamili. Na Italia nzima haina minestrone moja. Milano wanatia mchele, Genoa wanamalizia kwa majani ya mrehani yaliyopondwa, na kila nyumba hufuata msimu na mfuko wake. Ni chakula cha watu waliolima na kuhesabu, wasiotupa hata ganda la jibini.

Hapa pwani ya Kilifi Wataliano si wageni. Miaka ya 1960 walijenga kituo chao cha anga kule Ngomeni, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Hoteli na nyumba za wageni zikafuata, Malindi na Watamu, na wapishi wetu wengi wakajifunza kwa macho na mikono. Ndiyo maana maelezo yangu yana spinachi ya sokoni na boflo ndani yake.

Mahitaji ya watu 6 hadi 8

Tumia sufuria ya lita 6 au zaidi. Ikiwa ndogo, mboga zitasongamana na hutaweza kukoroga.

- Maharagwe makavu gramu 300, yaani kikombe kimoja na nusu
- Mafuta ya kupikia vijiko 4 vya mezani (ya zeituni yakipatikana ni bora, lakini ya alizeti yanatosha)
- Vitunguu maji vikubwa 2
- Karoti 3
- Seleri mashina 2, au mashina meupe ya spinachi 5
- Kitunguu thomu punje 4
- Nyanya ya kopo kijiko 1 cha mezani
- Nyanya mbivu 5
- Viazi 3 vya kadiri
- Kipande cha boga au mung'unye mchanga, kama nusu kilo
- Robo ya kabeji
- Fungu moja la majani: spinachi, sukuma wiki au mchicha
- Makaroni madogo au spageti zilizovunjwa, gramu 150
- Chumvi, pilipili manga, na ganda la jibini kama unalo

Kati ya hivi vyote, visivyokosekana ni vitatu: kitunguu, kitu cha jamii ya kunde, na mafuta ya kutosha. Vingine vyote vinabadilishana. Nitaeleza namna ya kubadilisha kila tukifika mahali pake.

Hatua ya 1: Maharagwe, tangu usiku

Maharagwe ndiyo yanayoipa supu hii uzito, na maji yake ndiyo yanayoshika nafasi ya mchuzi wa nyama. Kwa sababu hiyo nitakaa hapa kidogo.

Rosekoko, yale yenye madoadoa mekundu, ndiyo yanayokaribiana sana na borlotti wanayotumia Wataliano. Lakini kunde ni nzuri vilevile, na kwa kweli zina haki zaidi: maharagwe yalifika Ulaya kutoka Amerika baada ya mwaka 1492, pamoja na nyanya na viazi, ilhali kunde, ambazo asili yake ni Afrika, zilikuwa zikiliwa Italia tangu enzi za Warumi. Ukipika kwa kunde usijione umepunguza kitu. Mbaazi kavu pia zinafaa. Pojo na dengu zilizokobolewa hazifai kuwa peke yake, maana huyeyuka zote, lakini konzi moja ya dengu ikichanganywa na maharagwe huongeza uzito.

Chambua, osha, kisha loweka kwa maji mengi, lita moja na nusu hivi, pamoja na kijiko kimoja cha mezani cha chumvi. Najua wengi tumeambiwa chumvi inakaza maharagwe. Haikazi. Chumvi ya kulowekea hulainisha ganda la nje, na maharagwe huiva bila kupasuka ovyo. Loweka usiku, upike asubuhi. Kwenye joto letu usiyaache mchana kutwa mezani: baada ya muda wa saa nane au kumi maji huanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Ukijua utachelewa, yaweke kwenye friji.

Mwaga maji ya kulowekea, suuza, tia maji mapya lita mbili, weka jikoni. Yakianza kuchemka, yaache yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Usiiruke hatua hii, hasa kwa maharagwe mekundu. Yana sumu ya asili inayoumiza tumbo vibaya, na moto mdogo peke yake hauiondoi hata ukipika saa nyingi. Baada ya hapo punguza moto, funika nusu, yaache yatokote hadi uweze kuponda moja kwa vidole bila kusikia chembe ngumu katikati. Itachukua saa moja hadi moja na nusu kwa maharagwe mapya, na zaidi kwa yaliyokaa ghalani. Kunde zitakuwa tayari mapema zaidi. Kwenye sufuria ya presha, dakika 20 hadi 25 zinatosha.

Kama maji yako ni ya kisima na yana chumvichumvi, maharagwe yanaweza kugoma. Tia magadi kidogo sana, kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole viwili. Yakizidi, supu itaonja sabuni na maharagwe yatapoteza sehemu ya vitamini zake.

Nyanya zisikutane na maharagwe mabichi. Hilo nililijifunza kwa gharama. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilitia vyote pamoja ili nimalize mapema, wakwe walikuwa wanakuja. Baada ya saa tatu maharagwe bado yalikuwa yanagonga meno. Nilimpigia shangazi nikilia. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, umetia nyanya saa ngapi?" Uchachu wa nyanya, wa ndimu, wa ukwaju, wote huzuia maharagwe kulainika. Tangu siku ile maharagwe yangu huiva peke yake kwanza.

Yakiiva, yaache ndani ya maji yake. Usimwage maji hayo hata tone.

Hatua ya 2: Kukata

Maharagwe yakiwa jikoni, kata mboga zote na uziweke kwenye bakuli tofauti kwa kufuata zamu zitakavyoingia. Bakuli la kwanza: vitunguu, karoti na mashina, vyote vimekatwa vidogo kadiri ya punje ya mahindi. La pili: viazi na boga, vipande vya kadiri ya ncha ya kidole gumba. La tatu: kabeji iliyokatwa nyembamba. La nne: majani.

Seleri haipatikani kila soko, na fungu lake ni ghali. Mimi hutumia mashina ya spinachi, yale meupe mapana ambayo wengi huyatupa. Spinachi tunayouziwa Kenya ndiyo mboga ileile Wataliano wanayoiita bietola, na wao huitia kwenye minestrone, majani na mashina. Kikonyo cha kabeji pia, ukikimenya na kukikatakata vidogo, hufanya kazi hiyo.

Ukikata vipande vya ukubwa mmoja vitaiva pamoja. Ukikata viazi vikubwa na boga dogo, boga litakuwa uji kabla kiazi hakijalainika.

Hatua ya 3: Kuunga kwa moto mdogo

Hapa ndipo ladha inapopatikana, na hapa ndipo sisi tuliolelewa kwa pilau huwa tunakosea. Kitunguu cha pilau tunakitaka kiwe kahawia, karibu kuungua. Cha minestrone kisibadilike rangi. Kinatakiwa kilainike, king'ae, na kitoe utamu wake polepole.

Weka sufuria kubwa jikoni, tia mafuta yote vijiko vinne, kisha bakuli la kwanza lote na chumvi kidogo. Chumvi hutoa maji kwenye kitunguu na kukizuia kuungua. Moto uwe mdogo. Kama unatumia jiko la makaa, ondoa nusu ya makaa au yafunike kwa jivu. Koroga kila baada ya dakika mbili au tatu. Kazi hii ni ya dakika 15, na usiibane ikawa tano. Utajua imefika pale harufu kali ya kitunguu kibichi inapoisha na jiko likaanza kunukia utamu, na karoti ikikatika kwa mwiko bila kusukumwa.

Mapishi mengi ya Italia huanza hapa kwa mafuta ya nguruwe. Kwetu hayaingii, na supu haipungukiwi. Kinachotakiwa ni mafuta ya kutosha na subira. Watu wanaobana mafuta hapa ndio wanaolalamika baadaye kwamba supu ya mboga haina ladha.

Tia kitunguu thomu kilichopondwa, koroga dakika moja tu, kisha tia ile nyanya ya kopo. Ikaange dakika mbili hadi rangi yake igeuke kutoka nyekundu ya kung'aa iwe nyekundu ya matofali. Usiruke hili kwa kusema nyanya mbichi zitatosha. Nyanya ya kopo iliyokaangwa huleta uzito wa ladha ambao kwenye supu ya nyama ungeletwa na mifupa.

Hatua ya 4: Nyanya mbichi

Kuna nyanya tano mbivu. Zikune au uzikatekate vidogo, tia, ongeza moto kidogo, acha zipikike hadi maji yapungue na uone mafuta yakipanda pembeni. Dakika 8 hadi 10. Kila mpishi wa kwetu anaijua dalili hii. Ukimwaga maji kabla mafuta hayajapanda, supu itabaki na uchachu wa nyanya mbichi hadi mwisho.

Nyanya zikiwa adimu, punguza hadi mbili. Minestrone nyingi za Italia hazina nyanya kabisa, ni za kijani au nyeupe, na ni tamu.

Hatua ya 5: Maji, viazi, boga

Sasa chukua maharagwe na maji yake. Tenga vikombe viwili vya maharagwe pembeni, tutavihitaji. Mengine yote na maji yake yamimine kwenye sufuria. Ongeza maji ya moto hadi vyote pamoja viwe kama lita mbili na nusu za majimaji. Nasema ya moto kwa sababu ya baridi huzima kila kitu na itabidi uanze kusubiri upya.

Tia viazi na boga. Tia ganda la jibini kama unalo. Ganda ninalolisema ni la jibini gumu, parmigiano au linalofanana nalo: likwangue kwa kisu upande wa nje, lioshe, litumbukize zima. Litatoa chumvi na ladha kwa muda wote wa kupika, na utalitoa kabla ya kupakua. Watoto wangu hugombania kulitafuna. Jibini lililofunikwa kwa nta, ganda lake ni la kutupa. Na nieleze wazi kwa wanaojali: parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, kwa hiyo asiyekula kwa sababu ya dini au kwa kuacha nyama aliache. Supu inasimama bila jibini.

Chumvi: anza na vijiko viwili vya chai, vingine ni vya mwishoni. Vidonge vya supu mimi sitii. Vinafanya kila chakula kionje kimoja, na maji ya maharagwe yamekwisha kufanya kazi hiyo.

Acha itokote taratibu, vipovu vichache juu. Kwa sababu kuna nyanya, viazi vitachelewa kidogo kuliko ulivyozoea, dakika 20 hadi 25. Ukiwa na muhogo badala ya viazi, utie dakika 15 mapema, na utoe ule uzi wa katikati. Viazi vitamu huifanya supu iwe na utamu wa sukari, sivipendi hapa, ingawa nyumba nyingine wanavipenda.

Hatua ya 6: Kuponda

Yale maharagwe uliyoyatenga, yaponde kwa mwiko au kwa mchi hadi yawe rojo, kisha yarudishe kwenye sufuria. Hili ndilo jibu kwa wanaouliza supu inanenepaje bila unga. Rojo la maharagwe hushikamanisha maji na mboga, na mtu akichota kijiko anapata supu nzima, si maji upande mmoja na kiazi upande wa pili.

Ukiwa na mzee nyumbani ambaye meno yamemtoka, ponda zaidi, hata viazi. Baba mkwe hula bakuli lake likiwa karibu uji, na mimi humpondea kwenye bakuli lake wengine wakila vipande.

Tangu hapa koroga kwa kuparuza chini ya sufuria, maana rojo hushika chini haraka.

Hatua ya 7: Kabeji, kisha majani

Kabeji inaingia viazi vikiwa vimelainika nusu, na inapikwa dakika 10. Sukuma wiki nayo huingia wakati huohuo, ikikatwa nyembamba. Mboga hii ni ukoo mmoja na majani meusi ambayo watu wa Toscana hutia kwenye supu zao, kwa hiyo iko nyumbani. Spinachi na mchicha husubiri: hutiwa dakika tano za mwisho. Ukizitia mapema zinageuka rangi ya matope.

Wenye mchunga, ule uchungu wake unapendeza sana ndani ya supu yenye boga, kwa sababu boga ni tamu. Wataliano wenyewe hupenda majani machungu, na mchunga wetu ni jamaa ya majani yao. Tia kidogo, konzi moja tu, uchanganye na mchicha.

Bamia usitie, itavuta mlenda sufuria nzima. Bitiruti usitie, kila kitu kitakuwa chekundu. Tui la nazi pia waulizaji ni wengi. Supu ya mboga ya nazi ni chakula kizuri, nami naipika, lakini tui hufunika zile ladha ulizozijenga tangu kwenye kitunguu. Iwe siku nyingine, chungu kingine.

Hatua ya 8: Makaroni, na uamuzi wa kesho

Kabla ya kutia makaroni simama ufikirie: supu hii yote italiwa leo? Makaroni hunywa maji usiku kucha, na asubuhi utakuta donge badala ya supu. Kama utabakisha, toa sehemu ya kesho sasa, uiweke pembeni bila makaroni.

Iliyobaki, itie makaroni madogo au spageti uliyoivunjavunja ndani ya kitambaa ili vipande visiruke. Kwa nusu ya supu, gramu 75 zinatosha. Inaonekana haba, lakini itafura. Pika kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti ukipunguza dakika mbili, maana itaendelea kuiva ndani ya bakuli. Zile tambi nyembamba tunazopika kwa sukari wakati wa futari zinafaa pia, ila zipe dakika tatu tu.

Ukipenda mtindo wa Milano, tia mchele badala yake, nusu kikombe, lakini huo uutie mapema, wakati uleule wa kabeji. Na kama kuna viazi vingi ndani, unaweza kuacha vyote viwili.

Hatua ya 9: Kumalizia

Zima moto. Onja. Sasa ndiyo chumvi ya mwisho, na pilipili manga ya kusaga papo hapo. Ukihisi supu ni nzito lakini imelala, haina uchangamfu, kamulia matone machache ya ndimu. Si zaidi ya nusu ndimu kwa sufuria nzima.

Kisha iache. Dakika 10 hadi 15, imefunikwa, nje ya moto. Supu hii haiwi nzuri ikichemka. Ikipoa kidogo ndipo unapoonja boga, maharagwe na kabeji kila kimoja kwa sauti yake. Wataliano wakati wa kiangazi huila ikiwa vuguvugu tu, na kwa joto la Malindi mwezi wa pili nawaelewa kabisa.

Kwa siku ya wageni kuna jambo la Genoa ninalolipenda kuliko mengine yote. Wao huponda majani ya mrehani kwa kitunguu thomu, mbegu za msonobari, jibini na mafuta ya zeituni, wakaweka kijiko kimoja juu ya kila bakuli. Mbegu zile hapa ni ghali, lakini tuna korosho, na Kilifi ni kwao. Weka kwenye kinu punje moja ya kitunguu thomu na chumvi kidogo, uponde hadi iwe laini. Ongeza korosho 10 zisizokaangwa, uponde. Kisha konzi mbili za majani, ukiponda kwa kuzungusha mchi kuliko kutwanga, na mwisho mafuta vijiko vitatu na jibini lililokunwa kama lipo. Mrehani wenye majani mapana laini ndio wa kupikia. Huu wetu wa vikuba, ambao mama zetu huuweka nywelani pamoja na asumini, harufu yake ni kali zaidi. Utumie majani matano au sita tu, na zilizobaki ziwe spinachi changa. Usiuchemshe kamwe. Uweke juu ya supu bakulini, harufu ipande na mvuke.

Mezani

Pakua kwa upawa ukichota kutoka chini, ili kila mtu apate maharagwe. Nyunyiza mafuta kidogo juu ya kila bakuli, kijiko kimoja cha chai. Boflo la jana likatwe vipande, likaushwe juu ya makaa, kisha lisuguliwe kwa punje ya kitunguu thomu iliyokatwa: hicho ndicho kiambatanisho chake. Watoto wanaochagua majani na kuyaweka pembeni, wakatie majani nyembamba kama nyuzi na uwape wao kazi ya kuvunja spageti. Kwangu ilifanya kazi kuliko kuwagombeza.

Mwenye shinikizo la damu nyumbani, mtolee supu yake kabla ya ile chumvi ya mwisho na umwongezee ndimu.

Kilichobaki

Supu ya maharagwe huchacha upesi. Isikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za joto kali saa moja. Kwa kuwa sufuria kubwa hupoa polepole, iweke ndani ya beseni la maji baridi na uikoroge, kisha igawe kwenye vyombo vidogo uviingize kwenye friji. Hukaa siku tatu. Iliyotiwa mchele uimalize kesho yake, usiicheleweshe. Asiye na friji apike kiasi cha kuliwa siku hiyo. Ukiipasha moto, ichemke kabisa hadi katikati, na uongeze maji kidogo maana itakuwa imeganda.

Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Toscana wana njia yao ya kuila siku hiyo: hupanga vipande vya mkate mkavu ndani ya supu na kuichemsha tena, wakaiita ribollita, yaani iliyochemshwa upya. Fanya hivyo kwa boflo. Panga vipande chini ya sufuria, mimina supu juu, rudia tabaka la pili, weka moto mdogo dakika 10 bila kukoroga sana, hadi mkate unywe supu yote na upawa usimame wenyewe katikati. Mwagia mafuta juu, pilipili manga, na kitunguu maji kibichi kilichokatwa nyembamba sana. Shangazi hula hiyo asubuhi, kwa chai ya rangi.